Makosa Niliyoyalinda

Nimepigania mambo mengi maishani: meza ya kuuzia samaki sokoni Mpondwe, kiti cha mbele kwenye gari la kutoka Kasenyi, hata zamu yangu bombani. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba ningegombana na watu wa nyumba yangu mwenyewe ili mwanangu apeleke shuleni kazi iliyojaa makosa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, tukiishi Bwera, mji wa mpakani. Binti yangu wa pili alikuwa darasa la tatu, na herufi zilikuwa zimekataa kabisa kukaa kichwani mwake. Neno alilolijua asubuhi, saa sita limekuwa mgeni. Tulimpeleka Kasese kwa mtaalamu wa watoto wenye shida hiyo, akatuambia mtoto si mvivu wala si mjinga, ila anajifunza polepole na kwa njia yake. Shuleni, madamu mmoja alikuwa anaanzisha kikundi kidogo cha watoto kama yeye, nafasi zenyewe za kugombania. Aliniita.

"Mama, ulete kazi anafanya yeye mwenyewe," alisema. "Nikiona penye anakwama, nitamusaidia. Lakini mu hii daftari, mutoto anapata zote. Nitamuweka mu kikundi namna gani?"

Asipoingia kikundini, angepandishwa darasa la nne, ambako masomo yote ni Kiingereza, akakae nyuma ya darasa kama gunia la muhogo. Anapata zote! Nilirudi nyumbani hasira zimenijaa mpaka kooni.

Wakosaji niliwajua. Wa kwanza alikuwa mama mkwe, aliyeshuka kutoka Mahango kunilelea watoto ninapofuata samaki. Wa pili alikuwa mpangaji wetu wa chumba cha uani, Mwislamu mpole, dereva wa lori la kwenda Butembo, ambaye siku nyingi alishinda kibarazani akingoja karatasi zake za forodha. Kwa ajili yake nyumba nzima tulizungumza Kiswahili cha mpakani. Kazi ya shule ilifanywa hivi: dereva anataja jibu, bibi anaushika mkono wa mtoto na kuuongoza juu ya karatasi. Mimi nafika jioni nanuka samaki, nakuta daftari safi na watu watatu wanachekelea.

"Mama," nilimwambia mama mkwe, "madamu anataka makosa."

"Makosa? Weye iko na homa? Nani anapelekea mwalimu uchafu?"

Nilimweleza, nikarudia, nikachoka. Kule kwao mlimani, watu wakipalilia shamba pamoja, kila mmoja ana mstari wake. Aliyemaliza hapumziki. Anageuka kumpokea aliyebaki nyuma, mpaka wote wafike mwisho. Kumwacha mwenzako peke yake katikati ya shamba ni kumtukana.

"Mutoto amebaki nyuma," akasema, "na weye unataka tukae tunamuangalia tu?"

Mama mkwe hajibiwi ovyo, basi nikamgeukia dereva. "Na wewe, baba, umesoma mpaka sekondari. Huoni tunamudanganya mwalimu?"

"Mama, mutoto ananiangalia na ile macho yake," akasema. "Mimi nitafanya nini?"

Macho! Nikaweka sheria: mtoto ataandika peke yake, mbele yangu, asisaidiwe na yeyote. Siku ya kwanza, hesabu ilipomshinda, bibi yake alianza kukohoa. Alikohoa, akanyamaza, akakohoa tena, na mtoto akaandika idadi ya vikohozi. Nilipomtoa bibi nje, dereva akapita dirishani akiimba namba kama anayehesabu mifuko ya saruji. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ijumaa baada ya masomo nikampeleka sokoni, nikamkalisha juu ya kreti nyuma ya meza yangu. Akainama, akaanza kuandika, nikashusha pumzi. Mteja mmoja akaacha kuchagua samaki, akanyoosha shingo. "Huyu mutoto anakosa, mama! Lete kalamu nimuonyeshe." Mwanamke nisiyemjua kabisa! Nilimfukuza kwa kipande cha boksi nilichokuwa nafukuzia nzi, akaenda kununua kwa mwenzangu. Lakini mtoto alimaliza peke yake, na makosa yalikuwa yake, tangu la kwanza mpaka la mwisho.

Siku ya kumwona madamu, mama mkwe alivaa gomesi yake ya kanisani akatufuata, amenuna. Madamu alikagua ile kazi, kisha akampa mtoto karatasi tupu ili amtajie maneno ya kuandika. Neno la kwanza tu, mtoto akakwama. Mkono wa bibi ukainuka. Niliushika, nikaubana mapajani mwangu. Mtoto aliandika, akafuta, akaandika tena, ulimi nje, jasho puani. Alipomaliza, neno moja tu lilikuwa sahihi.

"Sasa nimemuona," madamu akasema. "Aanze Jumatatu."

Nilifurahi jamani! Nilimshukuru madamu mpaka akaona haya, na tulipotoka getini nilipiga kigelegele mchana kweupe. Mama mkwe alitangulia mbele bila kunitazama, kama mtu aliyefuatana na mwendawazimu.

Mtoto akanivuta kitenge. "Mama, nilikosa muzuri?"

"Muzuri sana!" nikasema, bado nacheka. "Ulikosa muzuri kupita wote."

Akatembea kidogo, akiangalia viatu vyake.

"Lakini mama," akasema, "mimi nilikuwa natafuta kupata."

Sikucheka tena mpaka tulipofika nyumbani.