Viti Vitatu Kuelekea Kordoba

Juzi jioni nilikuwa jikoni kwangu, simu nimeiegemeza kwenye kopo la majani ya chai, najaribu kuisoma njia ya kutoka Malaga kwenda Kordoba. Nimepata likizo ya wiki moja mwezi wa nne, na mama mdogo ananisubiri huko kusini mwa Hispania. Nitakodi gari. Rafiki yangu wa kazini ninayesafiri naye hajui kuendesha, kwa hiyo usukani ni wangu peke yangu. Nikaiambia ramani isome njia kwa sauti, na yule mwanamke wa kwenye simu akasema kwa upole kwamba nikifika kwenye mzunguko nitoke njia ya tatu. Hapo, rafiki yangu, mkono wangu wa kushoto ukainuka wenyewe ukatafuta kufuli ya mlango. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli, mlango wenyewe haukuwepo.

Ndiyo maana nakuandikia. Njia hii naijua. Niliipita mara nyingi utotoni bila kutoka Johannesburg, ndani ya sebule yetu ya Bertrams, na kila mara niliipita kwa wasiwasi.

Ilikuwa 2017, nikiwa darasa la saba. Tulipanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya watu, karibu kabisa na uwanja wa mpira, hata siku za mechi tulijua goli limeingia kabla redio haijasema. Mama alikuwa akisuka nywele kule Joubert Park, akirudi jioni vidole vimemkakamaa, ananukia mafuta ya nywele. Baba alikuwa mlinzi kwenye maegesho ya maduka. Kutwa nzima anawaelekeza madereva warudi nyuma, wakate kidogo, wanyooshe, hapo hapo, basi. Magari ya watu aliyalinda vizuri sana. La kwake ndilo lililomshinda.

Nikueleze hilo mapema, maana kila kitu kinatoka hapo. Mwaka uliotangulia alikuja kunichukua shuleni, tukasimama kwenye roboti, ndivyo tunavyoziita taa za barabarani huku. Jua lilikuwa bado halijazama. Vijana wawili wakaja dirishani kama watu wanaotaka kuuliza njia, na milango ilikuwa haijafungwa. Baba alishushwa, nami nikashushwa kutoka kiti cha nyuma, na mmoja wao akanipa begi langu la shule kwa adabu kabisa. Roboti ikawaka kijani wakaondoka. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku hiyo baba hakushika usukani tena, na kila tulipopanda gari la mtu, hata akiwa nyuma, aliibonyeza kufuli ya mlango, akangoja kidogo, akaibonyeza tena.

Basi mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, akatuma ujumbe wa sauti kutoka Malaga. Alikuwa anapika kwenye hoteli huko, na alikuwa ameweka akiba ya tiketi zetu. Mje mwezi wa nne, alisema, mji mzima unanukia maua ya michungwa, nami nitapewa wiki moja. Tutakodi gari twende Antekera, Kordoba na Granada, halafu turudi kwa njia ya baharini. Yeye hakujua kuendesha, mama vilevile hakujua. Mama aliusikiliza ujumbe ule amesimama, chanuo mkononi. Walikuwa hawajaonana tangu mama alipotoka Lubumbashi na mimi mgongoni mwake.

Nilimwangalia baba. Baba aliangalia sahani yake.

Mama hakubishana naye. Mama hakuwa mtu wa kubishana, alikuwa mtu wa kupanga vitu mezani hadi ukajikuta umeshakaa. Alikwenda duka la intaneti akachapisha njia nzima, kona baada ya kona, na Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani na kumaliza kula, akaniambia nilete viti. Viwili mbele, kimoja nyuma. Akamkalisha baba kile cha kushoto, kwa sababu Hispania wanapita kulia kama Lubumbashi alikojifunzia kuendesha, na usukani uko kushoto. Yeye akakaa cha kulia na makaratasi yake. Mimi nyuma. Usukani ulikuwa mfuniko wa ile sufuria kubwa ya bukari, ugali wetu, na Jumapili ya kwanza ulikuwa bado na joto.

"Bon," mama akasema. "Tunatoka ku uwanja wa ndege. Ku droite, papa. Doucement." Kulia, polepole, kwa Kifaransa chake cha Lubumbashi.

Nikikwambia ilikuwa furaha, nitakuwa nakudanganya nusu. Tulicheka, ndiyo. Chumba kilinukia sombe ya majani ya muhogo na makayabu, samaki wa chumvi, nje ndege wa hadeda wanapiga kelele juu ya bati, na mama anasoma majina ya Kihispania kama anasoma Waraka kwa Wakorintho. Lakini mimi nilikaa nyuma ya baba, naiona shingo yake tu, na shingo ndiyo iliyosema kweli. Kwenye barabara kuu ilitulia. Kila mama aliposema tumefika penye roboti, kamba mbili zilisimama pale shingoni na mkono wa kushoto ukaenda kubonyeza hewa. Nami nilikunja vidole ndani ya viatu hadi mama aseme kijani. Nilikuwa nasali aseme upesi.

Halafu baba alikuwa na maswali yake. Aliipanga safari ile kama zamu ya ulinzi. Tenki lisishuke chini ya nusu. Tusiingie mji wowote jua likiwa limezama. Mikoba chini ya miguu, simu zisionekane. Kila mahali mama alipotaka tusimame, tuone daraja au tunywe kahawa, aliuliza swali lile lile.

"Ile fasi iko na mulinzi?"

Mama akampigia mdogo wake kuuliza kama Ronda, mji wenye lile daraja, kuna walinzi wa magari. Mama mdogo alicheka mpaka simu ikakwaruza. Akasema huko gari linalala njiani peke yake kama paka. Baba akatafakari, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake kwamba basi huko ndiko wanakoiba zaidi. Ronda ikafutwa.

Mambo mengine yalituchanganya sote. Mama mdogo alisema tutakuja wakati wa machipuo, mwezi wa nne. Sisi machipuo yetu ni Septemba, na Aprili ndiyo majani yanaanguka Bertrams nzima na watu wanatoa blanketi. Mama aliambiwa mara nyingi kwamba kule mambo ni kinyume, akakubali, kisha akanunua sweta tatu. Na jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta, mtu wa Tanga mwenye Corolla nyeupe iliyochoka, alipita siku moja akatukuta tumesimama kwenye mzunguko wa Antekera, akatushauri kwamba kwenye kipilefti mtu asiwe na haraka. Ndivyo kwao wanavyouita mzunguko. Baba akamuuliza kipilefti gani hicho ambacho watu wanapita kulia. Jirani akafikiri, akasema yeye ameeleza jina tu, sheria ni ya Wahispania.

Ni jirani huyo aliyesema kwamba viti havina injini. Alisema bila ubaya. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata ulikuwa umefika, mama mdogo anataka jibu ili akate tiketi, na baba alikuwa hajatamka ndiyo wala hapana. Wakakubaliana. Jumapili asubuhi, barabara zikiwa tupu, baba ataendesha Corolla kuzunguka uwanja mara moja tu. Akiweza, tunakwenda. Sikulala vizuri wiki hiyo. Nilitaka sana aweze, na niliogopa sana asimame kwenye roboti, na hayo mawili yalikaa ndani yangu kwa pamoja.

"Kaka, gari hiyo hapo," jirani alisema, akampa ufunguo. "Nakusubiri hapa hapa. Chai iko jikoni."

Baba akafungua mlango wa kushoto, akaketi, akakuta hakuna usukani. Tulicheka wote, na yeye pia alicheka, akazunguka. Mama akakaa kushoto, mimi nyuma. Milango ikafungwa, ikahakikishwa. Na rafiki yangu, aliendesha. Taratibu, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa, lakini aliendesha. Tukafika kwenye roboti ya kwanza, nyekundu. Akasimama mbali na gari la mbele, aache nafasi ya kukimbia. Kamba za shingoni zikasimama. Mama akaweka mkono juu ya goti lake.

"Hauko peke yako, papa. Tuko batatu."

Kijani. Tukavuka. Nilisikia pumzi ikinitoka nikadhani yamekwisha. Mama naye alidhani yamekwisha, maana alianza kumwelekeza kwa ile sauti ya Jumapili, sauti ya kusomea njia. Ku droite, papa. Baba akakata kona kulia vizuri sana, akaingia upande wa kulia wa barabara na kuendelea nao, kama tulivyofanya miezi yote ile sebuleni. Alikuwa Hispania. Sote watatu tulikuwa Hispania, hakuna aliyeshtuka, hadi lori la mkate lilipotujia usoni likipiga honi.

Yalisimama magari yote mawili, na nafasi ikabaki ya kupita mtu. Dereva wa lori akashuka. Alikuwa mtu mzima, na uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa na mshangao tu. Lakini alikuja dirishani. Alikuja akitembea polepole upande wa baba, akainama, akagonga kioo kwa kidole.

"Hawu, baba, uyaphi?" Alikuwa anauliza tunakwenda wapi.

Baba hakugeuka. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani, shingo imeloa, na alikuwa anatazama mbele kama haoni. Mama akamwita kwa jina lake, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia. Mimi ndiye niliyejibu, kwa Kizulu changu cha shuleni, siyaxolisa, baba, tunaomba radhi. Yule mtu akanitazama, akamtazama baba, akaelewa sehemu yake. Akasimama katikati ya barabara kuzuia magari, akatuelekeza kwa mikono turudi nyuma, tukate kidogo, tunyooshe. Ndivyo hasa baba anavyofanya kazini. Lakini baba hakuweza hata kurudi nyuma. Mama alikwenda kwa miguu kumwita jirani.

Chai ilikuwa bado ya moto tuliporudi. Baba aliushika ule ufunguo kwa mikono miwili akamrudishia mwenyewe, akamwambia mama, sitaweza kuwabeba. Mama akampigia mdogo wake akasema, si mwaka huu, labda mwakani, na alilisema kwa uchangamfu ule anaoutumia kwa wateja ambao msuko haukuwapendeza. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa ajili yake. Jumapili iliyofuata mama alikula, akaosha vyombo, na viti vikabaki mezani.

Mwaka uliofuata nyanya yangu aliugua Lubumbashi, na mama akaenda kumwangalia kwa miezi michache. Miezi hiyo haijaisha hadi leo. Nyanya bado anamhitaji, na mama si mtu wa kuacha kitu katikati. Aliondoka na sufuria kubwa, mfuniko haukuenea kwenye mzigo. Nyumba ya Bertrams imepata mmiliki mpya na ukuta mrefu, jirani amerudi Tanga, na siku za mechi mimi nasikia matokeo kwenye simu kama watu wengine. Baba anakaa kwangu. Ameacha ulinzi, anamwagilia mboga zake kwenye ndoo. Mama na mama mdogo bado hawajaonana. Nakwambia bila kuficha, kinachonikosesha usingizi kuhusu safari hii si mizunguko ya Antekera. Ni kwamba nitaushika mimi uso wa mama mdogo, ambao mama alipaswa kuushika.

Jana nilimwambia baba kwamba naogopa. Aliingia jikoni, akatoa viti vitatu, akavipanga mwenyewe, viwili mbele na kimoja nyuma. Akanipa mfuniko. Akakaa nyuma, mahali pangu. Simu tukaiweka juu ya kiti cha kulia, tukampigia mama, na mama hana tena yale makaratasi lakini hakuyahitaji.

"Bon," akasema kutoka Lubumbashi. "Tunatoka ku uwanja wa ndege."

Nyuma yangu nilimsikia baba akibonyeza kufuli.

"Baba, huko hawafungi," nikamwambia.

"Funga tu."

Nikafunga. Tukaenda vizuri, barabara kuu, milima ya mizeituni ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona, hadi kwenye mzunguko wa Antekera. Mama akasema, sasa sikiliza, mwanangu, hapa unatoka ku... na mtandao ukakatika.

Tukangoja. Kiti cha kulia kilikuwa kimya. Nilimuuliza baba tutokee wapi, naye akabonyeza kufuli tena, nikadhani amerudi tena mbele ya lile lori. Kisha nikausikia mkono wake ukishika mgongo wa kiti changu.

"Zunguka tena," alisema. "Atapiga."

Nikaukata mfuniko kushoto, taratibu, tukazunguka, tukazunguka, sote wawili tukiitazama simu.