Kisima Kisichokuwa Kwenye Sinema

Jana nilinusa dizeli iliyochanganyika na vumbi la ngano, nikamkumbuka bibi.

Nilikuwa na kijitabu cha katuni cha msichana mfugaji ambaye familia yake ilifukuzwa kisimani. Kila jioni nilimsomea bibi, nikimtafsiria kwa lugha yetu. Aliupenda ukurasa wa mwisho, msichana akirudi kunywesha ng'ombe. Sisi tulikuwa tumehamishwa kupisha shamba la ngano, na kisima chetu kilibaki huko.

Kisha ikaletwa sinema ya hadithi ileile, ikaonyeshwa ndani ya ghala la shamba. Michoro ilitembea, ng'ombe wakalia, nami nikacheka kwa furaha. Lakini mwishoni msichana alipanda trekta, akapunga mkono, na pale penye kisima palikuwa na ngano tupu.

Bibi alinituma kwa mwonyeshaji.

“Shikamoo. Bibi anauliza, mbona kwenye kitabu walirudi?”

“Marahaba. Mwambie sinema ni fupi,” alijibu, akikunja kitambaa cheupe cha kuonyeshea sinema.

Nilimtafsiria bibi. Nyumbani nilifungua kijitabu nimsomee kama kawaida.

“Kifunge,” alisema. “Aliyemchora akirudi kisimani hajawahi kufika huku.”