Faili la Mzee Habumugisha

Vénuste alikuwa fundi wa kompyuta pale Gisenyi, kwenye barabara iendayo kituo cha mpakani cha Grande Barrière, na mashine inayofanya kazi vizuri ilimkera. Lazima aifungue, ahamishe vile vibanio vidogo vya kupangia kasi vilivyo kwenye ubao wake, aiongezee kasi, halafu akae kuitazama kama mtu aliyebandika maziwa jikoni. Mwaka ule wa 1999 alipata kijiti kipya cha memori kutoka Kampala, na hapo akapagawa kabisa.

Aliyemchochea ni Cedric, rafiki yake wa Goma, aliyevuka mpaka kila Jumapili kuja kucheza mchezo wa kompyuta wa mashindano ya magari. Cedric hakuchoka kumwambia kwamba kwao magari yanateleza kwenye kioo, ya Vénuste yanakwamakwama.

Chombo cha kupimia memori hakikuwepo, kwa hiyo Vénuste alijitungia njia yake. Alichukua faili kubwa kuliko yote, akalifinya kwa programu ya kupunguza ukubwa, kisha akalifumua lirudi lilivyokuwa. Likitoka zima, memori imeihimili kasi. Diski ilikuwa imejaa michezo hadi pomoni, hivyo faili la awali lilifutwa kulipisha lile lililofinywa. Na faili kubwa kuliko yote lilikuwa sauti ya baba yake.

Mzee Habumugisha alirudi kutoka ukimbizini Karagwe na ng'ombe wake. Kabla hajafariki aliketi mbele ya maikrofoni ya mwanawe, akamsifu Bihogo, ng'ombe aliyempenda, kama wazee wake walivyowasifu wa kwao. Nakala nyingine haikuwepo: disketi ni ndogo, na mashine ya kuchoma CD hakuna aliyekuwa nayo mjini. Kila Jumapili, akitoka misa, Verediane, mjane wake, alikuja kwa mwanawe, akasikiliza mpaka mwisho, akaenda zake bila neno.

Sasa mtu mwenye akili timamu atalifanya hilo kuwa faili la kupimia? Lakini lilikuwa limefinywa na kufumuliwa mara nyingi likatoka salama, na Vénuste alishazoea.

Jumapili hiyo Cedric aliinama juu ya mashine iliyo wazi. "Bon, we unaogopa nini? Ongeza kidogo tena. Mashine iko naweza."

Vénuste akahamisha kibanio. Mashine ikawaka. Akalifinya faili, mashine haikulalamika. Akalifumua, na katikati ya kazi kioo kikaandika kwamba faili limeharibika.

Vénuste akairudisha kasi chini upesi, akijipa moyo kwamba labda ni usomaji tu uliokosea. Cedric akagusa kijiti, akauondoa mkono. "Iko moto sana. Acha kwanza ipoe." Wakakipepea kwa kipande cha katoni. Vénuste akajaribu tena. Kioo kikaandika vilevile.

Hapo ndipo alipoelewa, na uelewa huo ulimuuma: kosa lilitokea wakati wa kufinya, likaandikwa ndani ya faili lenyewe. Kupunguza kasi sasa hakukuwa na maana, na la awali lilishafutwa. Kilichobaki ni kuokoa kipande kilicho kabla ya kosa. Aliamuru programu ikiokoe, naye akasali. Kilipotoka tu, mlango ukafunguliwa.

"Mbona mmejifungia, mwanangu?" Verediane akauliza. Akaketi, akakunja mikono. "Haya, niwekee."

Sauti ya mzee ikatoka, nzito, haina wasiwasi. Bihogo akasifiwa pembe, akasifiwa mwendo na maziwa. Vénuste alikodoa macho ukutani. Ubeti wa mwisho ukapita salama, kisha spika ikakwaruza, ikanyamaza. Alitaka kucheka kwa furaha. Sifa zote zilikuwapo.

Mama yake hakuinuka.

"Imekwisha, Mama."

"Bado," akasema. "Subiri."

Wakasubiri.

"Mama, hapo Bihogo amekwisha kusifiwa. Iliyobaki ilikuwa kelele tu za chumbani."

"Ng'ombe mimi wa nini?" Verediane akasema, bado anaitazama spika. "Mwishoni baba yako aligeuka akaniita nimletee maji. Aliniita kwa jina langu."