Hatua Mia Tisa Hadi Lami

Kuhama Temeke kwenda Kigamboni kulinigharimu milioni moja, laki moja na elfu thelathini: kodi ya miezi sita, mwezi mmoja wa dalali, na kirikuu cha kubeba vyombo. Nimepiga hesabu mara mbili. Nilitaka tu pa kuendeshea baiskeli asubuhi bila kusukumiwa mtaroni na bajaji.

Dalali alinipeleka kuiona nyumba kwa bodaboda.

"Hapa braza utaendesha mpaka uchoke," alisema. Mie nilikuwa nahangaika kushusha kodi kutoka laki mbili hadi laki na nusu, njia sikuitazama.

Jumamosi ya kwanza tairi zilizama mchangani nikiwa ndiyo kwanza nimetoka getini. Nikaikokota baiskeli mpaka lami: hatua mia tisa kwenda, mia tisa na kumi kurudi. Nikamwamkia mama jirani aliyekuwa akifagia uwanja.

"Marahaba. Inaumwa nini hiyo baiskeli, mwanangu, mbona unaitembeza?"

Sasa kila jioni naulizia vyumba Mbezi, ingawa nasikia kule ni vilima vitupu. Kodi imebaki miezi minne, na mwenye nyumba harudishi. Nyie mnaoendesha, nishaurini: nivumilie mchanga mpaka kodi iishe, au nihame sasa nikapambane na vilima?