Mama Mkwe Kwenye Benchi

Kazi yangu ni kuosha kamera. Ukinikuta kwenye harusi ukaniuliza nafanya nini, nitakwambia niko thieta, kule kwa upasuaji, upande wa mashine, kisha nitageuza mazungumzo haraka. Ukweli ni kwamba mimi ni nesi wa chumba cha kamera katika hospitali moja hapa Kisumu, na kamera zetu nyingi huingia kwa njia ya nyuma. Mimi ndiye ninayemlaza mgonjwa kwa ubavu wa kushoto, nikamwambia avute magoti, nikampandishia shuka. Daktari akimaliza, mimi ndiye ninayeibeba ile kamera ndefu hadi kwenye sinki nikaisugua ndani na nje. Ukikaa miaka kumi na moja kwenye kazi kama hiyo unadhani haya zote zimekuisha. Mimi nilidhani hivyo.

Siku tuliyopeleka ng'ombe wa mahari kwao mke wangu, huko Katito, wazee waliuliza bwana harusi anafanya kazi gani. Nikawajibu bila kupepesa, "Thieta. Mambo ya mashine." Wakatikisa vichwa kwa heshima, mmoja akasema ndiyo maana mikono yangu ni laini. Ningesemaje? Kwamba natazama makalio ya watu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa? Uongo ule ulinikaa vizuri, mke wangu aliyejua ukweli hakuwasahihisha, nikauacha hapo kwa miaka tisa.

Mama mkwe siku hiyo alikaa mbali, na wanawake wenzake, uso ameugeuza kidogo. Sisi Waluo tunamwita maro, na maro si mtu wa kuzoeana naye. Hamshikani mikono. Hulali nyumbani kwake, naye halali kwako. Mkikutana njiani, mmoja hukata kona. Najua siku hizi kuna vijana wa mjini wanakumbatiana na maro zao wakipigwa picha. Sisi hatukufika huko. Maro wangu alikuwa mama wa kanisa, muuza mtama na njugu pale sokoni Katito, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona bila leso kiunoni na kitambaa kichwani. Akinitumia salamu, zilipitia kwa mke wangu. Nikimtumia sukari, ilipitia kwa mke wangu. Tulipendana hivyo, kwa umbali, na kwa kweli tulipendana.

Wacha nieleze kwanza kitu ninachokijua, maana bila hicho hutauona ubaya wangu. Ndani ya utumbo mpana huota vinyama. Madaktari huviita polipu. Mwanzoni kinyama ni kidogo kama punje ya mtama, hakiumi wala hakiwashi, na mwenyewe hajui kama anacho. Vingi havina neno, mtu huzeeka navyo. Lakini iko aina ambayo chembe zake hazitulii. Zinagawanyika, zinagawanyika tena, kinyama kinanenepa. Kingine kinaota shina kama uyoga, kingine kinatandaa ukutani. Baadaye kinaanza kuvuja damu kidogo kidogo, nyingine hata huioni kwa macho, na mtu anachoka bila sababu. Safari hiyo mara nyingi huchukua miaka, hata kumi na zaidi. Siku chembe zinapoharibika kabisa na kutoboa ukuta wa utumbo kwenda chini, hapo si kinyama tena, hapo ni saratani. Inakutana na mishipa, na mishipa inaipeleka hadi kwenye ini.

Na kabla ya siku hiyo? Kabla ya siku hiyo, bwana, ni kazi ya dakika chache. Daktari anapitisha kitanzi cha waya ndani ya kamera, anakivisha kinyama shingoni, anakaza, umeme unapita, kinakatika. Mgonjwa anaamka akiuliza kama tumeanza. Magonjwa yanayompa binadamu muda mrefu hivyo wa kujiokoa ni machache sana. Na mimi, niliyejua haya yote kwa moyo, niliupoteza muda wa mtu mwingine.

Ilikuwa Jumanne, wagonjwa sita. Nilichukua orodha asubuhi nikaisoma nikiwa nimesimama. Wa nne alikuwa mwanamke wa miaka sitini na tatu, kutoka Katito. Damu kwenye choo, upungufu wa damu, ametumwa na zahanati. Jina lilikuwa la mama mkwe. Nikajiambia majina hufanana, Katito ni kubwa. Nikafungua mlango kidogo nikachungulia kwenye benchi.

Yawa! Alikuwa yeye. Amekaa wima pembeni kabisa mwa benchi, mkoba juu ya magoti, midomo imemkauka kwa sababu ya ile dawa ya kusafisha tumbo aliyokunywa tangu jana yake. Alikuwa peke yake. Baadaye nilikuja kujua kwamba nyumbani alikuwa amesema anakwenda mkutano wa kina mama. Na hakujua kwamba atanikuta hapo, kwa sababu mkwe wake yuko thieta, mambo ya mashine.

Niliingia stoo ya shuka nikafunga mlango. Mwanaume mzima, baba wa watoto watatu, nimesimama katikati ya mafurushi ya mashuka nikitokwa na jasho. Niliona mikono yangu ikimlaza yule mama kwa ubavu wa kushoto. Niliona nikimwambia avute magoti. Nikajua kwamba baada ya hapo sitaweza kukanyaga Katito tena, wala yeye hataweza kunisikia nikitajwa. Na hapo nje, hatua nne kutoka kwangu, alikuwepo nesi mwenzangu, mama mmoja wa kutoka Murang'a ambaye mumewe anauza spea za magari mjini. Yeye si mkwe wa mtu yeyote Katito. Nilihitaji kutamka maneno mawili tu: ingia wewe. Ningetoka kwenda kunywa chai mpaka yaishe.

Sikuyasema. Nilikaa mle ndani kama dakika kumi. Nilipotoka, benchi lilikuwa tupu.

"Mgonjwa wa nne ameenda wapi?" mwenzangu aliuliza.

"Atakuwa ameogopa," nikasema. "Si unawajua."

Uwe na subira nami hapa, maana hii ndiyo sehemu mbaya. Nilifurahi. Nilihisi kifua kimefunguka, nikashukuru Mungu kimoyomoyo, nikamwita mgonjwa wa tano kwa sauti ya uchangamfu.

Daktari alipoambiwa alisema mama huyo apigiwe simu arudi siku hiyohiyo, maana tumbo lilikuwa tayari safi na ingekuwa dhambi kumrudishia ile dawa. Kuwapigia waliokosa ni kazi yangu. Nambari yake ilikuwa kwenye fomu, lakini sikuihitaji fomu, maana ilikuwa kwenye simu yangu, nimeihifadhi kwa jina la Maro. Nikachukua kalamu nikaandika: Amepigiwa mara tatu, hapatikani. Sikupiga hata mara moja.

Nilijipa sababu, mtu hakosi sababu. Nilisema atarudi mwenyewe. Nilisema atakwenda hospitali nyingine. Nilisema huenda ni bawasiri tu. Miaka miwili ikapita. Kila wiki nilimwona daktari akikaza kitanzi kwenye shina la kinyama cha mtu, na kila mara nilitazama pembeni kama vile mimi ndiye niliyelazwa. Kuna msemo tunaoupenda kuwaambia wagonjwa wanaochelewa, kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Niliwahi kuusema mbele ya darasa la wanafunzi wa unesi, nimekunja mikono kifuani, mpumbavu mkubwa mimi.

Tulipokwenda Katito kwa sikukuu nilimwona kwa mbali akivuka uwanja na sinia la chakula. Leso ilikuwa imemzunguka mara mbili, alivyokonda. Nikamuuliza mke wangu, kama mtu asiye na habari, "Mama anaendeleaje?"

"Anasema ni umri," mke wangu akajibu. "Anachoka."

"Labda apimwe damu," nikasema.

Damu! Akapimwa, akapewa vidonge vya kuongeza damu, choo kikawa cheusi kwa vidonge na hakuna aliyeweza kujua tena kilikuwa cheusi kwa nini. Huo ndio ulikuwa msaada wangu.

Mwaka jana tumbo lilivimba, akatapika siku tatu, wakamleta Kisumu usiku na mchana wake akapasuliwa. Kile kitu kilikuwa kimeziba utumbo kabisa. Walimkata, wakamtolea utumbo ubavuni, wakamvalisha mfuko wa kupokea choo. Kwenye ini kulikuwa na madoa.

Daktari wa upasuaji alituita, mimi na mke wangu, akatuchorea utumbo kwenye karatasi. Alisema ugonjwa huu ulianza kama kinyama kidogo, miaka mingi nyuma. Tulipotoka, mke wangu alisimama kwenye kibaraza akanitazama.

"Wewe si uko hapo kwa kamera? Miaka miwili nyuma, alipoanza kuchoka, kingeonekana?"

"Kingeonekana."

"Na wangekitoa?"

Nilijua jibu la kitabu, kwamba hakuna anayeweza kuapa, kwamba huenda hata wakati ule kilikuwa kimeshageuka. Ningeweza kujificha nyuma ya hilo. Lakini nikasema, "Naamini wangekitoa."

Akavuta pumzi. "Basi Mama angesema tu. Haya zake hizi!" Akalia begani kwangu, akanishukuru kwa kuwa karibu, na mimi nikampapasa mgongo. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia pale kibarazani.

Mama mkwe aliishi miezi saba baada ya hapo. Kwa kuwa asingeweza kulala kwangu Mamboleo, tulimpangia chumba mtaa wa Nyalenda, mlango wa pili kutoka kwa shangazi yake mke wangu, ili awe karibu na dawa. Mke wangu ni mwalimu. Kila asubuhi alipitia huko kubadilisha mfuko, kisha akakimbilia shule. Mimi niliishia kwenye kilango cha nje, nikampa mke wangu vifaa, nikarudi.

Mwezi wa tano baada ya upasuaji, mchana mmoja, simu yangu ililia nikiwa kazini. Nikaona Maro. Katika miaka yote ile hakuwahi kunipigia.

"Baba," alisema. "Hii mfuko imefunguka. Mama ya watoto wako anasimamia mtihani, hashiki simu. Shangazi ameenda soko. Kuja."

Nilimwambia nesi mwenzangu ashike zamu yangu. Nilimweleza pia kwa nini, yote, nikiwa navua glavu, sijui ni nini kilinifungua mdomo. "Bwana," akasema, "si ungeniambia tu? Ningeingia mimi." Nikatupa glavu, nikaondoka.

Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, gauni limelowa, harufu imejaa chumba. Aliponiona alivuta leso akafunika uso wote.

"Usiangalie uso," alisema kutoka chini ya leso. "Uso ni maro. Hapo chini ni hospitali. Fanya kazi yako."

Nikafanya. Nilichemsha maji, nikayapooza. Nilitoa mfuko wa zamani, nikamwosha ngozi taratibu pale ilipokuwa imebabuka, nikaikausha, nikapima tundu, nikakata mdomo wa mfuko mpya ulingane nalo. Ilikuwa ngozi ya mgonjwa, kama ya wengine elfu niliowashika, na mbingu hazikuanguka. Kufika hapo, ikibaki kubandika tu, ilichukua kama robo saa. Robo saa tu, na nilikuwa nimeiogopa kuliko kifo chake.

Hapo ndipo nilipoongea. Kwa kuwa alikuwa amefunikwa uso, niliweza.

"Mama, ile siku ulikuja kwa kamera, mimi nilikuwa ndani. Nilijificha."

Nje mtu alikuwa anajaza mtungi kwenye bomba.

"Najua," alisema. "Nilikuona ukiingia kwa ile mlango."

"Ndiyo maana ukaenda?"

"Niliondoka nikutoe aibu, mbele ya watu wa kazi yako. Lakini sikuenda mbali. Nilikaa kwa duka ya dawa hapo nje ya geti, mpaka wakaniuliza kama nataka kitu." Alivuta leso ikae vizuri usoni. "Nikasema, huyu ni mtoto wa watu, hawezi kuniita mbele ya watu. Lakini namba yangu anayo. Akipiga, nitajua ni sawa, nitarudi."

Nilikuwa nimeshika mfuko mpya, gundi yake iko wazi, na sikuweza kuubandika.

"Nikirudi nyumbani nilishika simu kwa mkono mpaka Ahero," alisema. "Hata nikauliza kondakta kama network iko."