Mwanangu Ameniamkia Mara Tatu Kwenye Simu Moja

Admin, nifichie jina langu na la mwanangu, maana hapa London Watanzania tunajuana hadi rangi za makochi. Na nyie mtakaosoma msinicheke. Nina hofu ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe.

Nina miaka hamsini na mbili, ni mke na mama wa watoto wawili. Tunaishi Hayes. Mume wangu anafanya kazi kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, mimi nahudumia wazee kwenye care home. Mwanangu mkubwa, nitamwita Baraka, ana miaka ishirini na tano na amezaliwa hapa hapa. Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Hilo nilishalikubali yakaisha. Kitu kimoja tu nilikataa kata kata: mtoto wangu lazima aniamkie. Hata akipiga simu, shikamoo kwanza, habari baadaye.

Baraka anacheza mpira, ila siyo huu tunaoujua. Ni ule wa Kimarekani, wa kuvaa kofia ngumu na kukimbia na mpira mkononi huku majitu mengine yanakuja kukuangusha. Alianzia chuoni, mimi nikimsindikiza wikendi na chupa ya chai, nasali kimoyomoyo pembeni ya uwanja. Mwaka huu timu moja ya kulipwa huko Meksiko, mji sitautaja kwa sababu una timu moja tu ya mchezo huo, iliona video zake ikamsajili. Jamani, tulipika pilau! Baba yake alinunua jezi, akaenda nayo mpaka kanisani.

Sasa Jumapili iliyopita tuliangalia mechi yake ya Jumamosi iliyorekodiwa, sebule imejaa wageni wa mume wangu. Baraka akapokea mpira, jitu moja likatokea pembeni likamgonga kichwani, akaanguka. Akainuka upesi, tukapiga makofi. Halafu akaanza kutembea kwenda kwenye benchi la wapinzani, mpaka mwenzake akamvuta jezi na kumgeuza. Sebule nzima ikacheka, "Amepotea njia mwanenu!" Na mimi nikacheka.

Jioni ile akapiga simu ya video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, umekula?"

Akanisimulia kwa Kiingereza chake kuhusu mama mwenye nyumba anayempikia maharage kila siku. Katikati ya maongezi akaniangalia, akasema, "Shikamoo mama." Nikajua ananitania. Nikaitikia marahaba, nikamwambia leo adabu imezidi, sema unataka nini. Hakucheka. Tukaendelea. Namweleza habari za mdogo wake, hata sijamaliza, uso wake ukachangamka kama ndiyo kwanza nimepokea simu: "Shikamoo mama."

Kazini kwangu kuna mzee aliyekuwa bondia ujanani. Kila nikiingia chumbani kwake ananisalimia upya kama mgeni, hata kama nimetoka mara moja tu kuchukua taulo. Ni mpole, namwitikia upya kila mara na wala sichoki. Lakini yule siyo mwanangu.

Nikamuuliza Baraka, kichwa kinauma? "Mum, I'm fine." Nikambana mpaka akakubali. Kichwa kinamuuma tangu mechi, mwanga unamchoma macho, mchana kutwa amefunga mapazia, na kipindi cha pili chote hakikumbuki. Daktari wa timu alimuuliza, yeye akajibu yuko sawa kabisa. Halafu akaanza kutafuta maneno ya Kiswahili mwenyewe, jambo ambalo hajalifanya tangu akiwa mdogo. "Mama, usiseme. Tafadhali. Wakijua, mimi naondoka." Timu inaruhusiwa wachezaji wachache tu wa kutoka nje ya nchi, mmoja akiumia wanamleta mwingine. Akasema hii ndiyo nafasi aliyoitafuta tangu shule, na nikimsemea hatanisamehe. Nikamwahidi kwamba sitasema. Alikuwa analia, ningefanyaje?

Jumamosi hii anacheza tena.

Baba yake nimemweleza. Anasema namdekeza, wanaume wanagongwa na wanapona, na ameshaalika watu tena. Nikamwambia, "Mtoto kaniamkia mara tatu!" Akanijibu, "Si ndivyo ulivyomfundisha?" Nilitamani nimrushie mwiko. Lakini naona tangu siku hiyo ile jezi hajaivaa.

Namba ya daktari wa timu ninayo. Ni mama mmoja mstaarabu. Baraka alipofika kule, daktari huyo aliniandikia kunitoa wasiwasi, akasema nimtafute wakati wowote. Nimemwandikia ujumbe nikafuta, nikaandika tena nikafuta. Nikiutuma, mwanangu anarudi nyumbani ndoto yake imekufa, na aliyeiua ni mimi. Nisipoutuma, Jumapili nitakuwa sebuleni nagawa soda, naangalia jambo ambalo kule limeshatokea. Kazini nimemwitikia yule mzee asubuhi, nikatoka nje kulia.

Mnaosoma ukurasa huu ni wengi. Wapo wazazi, wapo manesi, wapo vijana ambao mama zao waliwahi kuwasemea. Nyie vijana hasa, mliwasamehe? Nivunje ahadi niliyompa mtoto anayelia, au nimwachie Mungu na hicho kichwa?

Jumapili jioni atapiga simu kama kawaida. Naogopa asipige. Lakini naogopa zaidi siku atakayopiga akasema shikamoo na kuishia hapo, bila kuongeza mama. Ujumbe wa daktari uko tayari kwenye simu yangu, safari hii sijaufuta. Niambieni ndugu zangu, niutume?