Salfa Ndani ya Soksi

Kijana wa duka la pembejeo hapa mtaani kwetu Sokon amefungua mfuko wa salfa, ule unga wa njano wa kutibu mimea, na ile harufu ya njiti ya kiberiti imenirudisha mbio hadi Meru, enzi za Mwingereza, kwenye mzabibu wa kanisa alioutunza mama.

Zabibu zake ndizo zilizotoa divai ya Pasaka. Asubuhi moja nilikuta majani meupe, nikafurahi: mama ameshanyunyiza majivu, kama tunavyofanya kwenye maharage! Siku tatu sikusema kitu.

“Nani kaweka majivu?” mama akauliza.

“Si wewe, mama?”

Akasugua jani, akanusa kidole. “Huu ni ukungu! Utapasua zabibu zote! Kimbia, lete soksi ya baba!”

Nilikimbia huku nacheka kwa woga. Tukaijaza salfa ya stoo ya kanisa, tukaitikisa juu ya kila jani mpaka nyusi zetu zikawa za njano. Vichala vitatu tu vilitupotea. Vitatu tu!

“Bibi, una mizabibu mingapi?” kijana ananiuliza baada ya kunisikiliza.

Sina hata mmoja.

“Nipimie kilo moja, mjukuu wangu.”